Kuapa Dirishani: Kujiandaa kwa Mahojiano ya Viza ya Ukaazi

Waamini wanaofika katika ofisi za parokia zetu kuomba cheti cha ubatizo siku hizi si wale tu wanaojiandaa kufunga ndoa. Wengi huja na bahasha ya plastiki mkononi, ndani yake pasi ya kusafiria, picha ndogo na orodha ya vitu vinavyotakiwa ubalozini. Mume yuko Marekani, mke na watoto wako hapa Kenya; au binti amekwisha kuwa raia wa kule na sasa anamwita mama yake. Wamesubiri mwaka, miaka miwili, pengine zaidi, na hatimaye tarehe ya mahojiano imetoka. Wanachoomba kwetu ni kidogo: muhuri, sahihi, barua. Lakini nyuma ya ombi hilo dogo liko swali zito, nalo ndilo lililotusukuma kuandika makala hii: mtu aliyebatizwa anajiandaaje kwa mahojiano yanayoanza kwa kiapo?

Tueleze kwanza njia yenyewe, kwa kuwa wengi hudhani mahojiano ndiyo mwanzo, ilhali yako karibu na mwisho. Raia wa Marekani, au mwenye ukaazi wa kudumu huko, hupeleka fomu I-130 kwa idara ya uraia na uhamiaji, USCIS, ili kuthibitisha kwamba ndoa au undugu anaoutaja upo kweli. Ombi likikubaliwa, jalada huhamia Kituo cha Taifa cha Viza huko New Hampshire. Hapo mwombaji hujaza fomu DS-260 mtandaoni, hulipa ada, na hupakia nakala za vyeti. Aliyeko Marekani hutia sahihi hati ya udhamini, I-864, akionyesha kwamba kipato chake hakipungui asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kilichowekwa na serikali ya huko. Hati hiyo si karatasi ya kupita. Ni ahadi inayomfunga mdhamini hata kama ndoa itavunjika mahakamani, mpaka mgeni wake apate uraia, au ahesabiwe takriban miaka kumi ya kazi, au aondoke nchini humo moja kwa moja, au mmoja wao afariki. Tumewaona watu wakiwatilia wengine sahihi hiyo kwa wepesi wa kuchangia harambee.

Kanuni na ada hubadilika mara kwa mara. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilitangaza vizuizi vipya kwa raia wa nchi kadhaa, Somalia na Burundi zikiwemo. Kwa hiyo tovuti rasmi ya ubalozi isomwe upya kabla ya kila hatua, wala mtu asitegemee yale aliyosimuliwa na jirani aliyesafiri miaka mitatu iliyopita.

Kisha huja siku yenyewe, huko Gigiri, Nairobi. Si kikao cha mahakama kama wengi wanavyokiwazia. Mtu husimama mbele ya dirisha la kioo, vyeti vyake hukaguliwa, huchukuliwa alama za vidole, naye huinua mkono wa kulia na kuapa, au kuthibitisha, kwamba aliyoyaandika na atakayoyasema ni kweli. Maswali yenyewe huenda yakaisha kwa dakika chache.

Kanisa halikatazi kiapo cha namna hiyo. Kanuni ya 1199 ya Sheria za Kanisa hueleza kiapo kuwa ni kuliita jina la Mungu liwe shahidi wa ukweli, na hutaka kitolewe katika ukweli, kwa busara na kwa haki. Hata kama jina la Mungu halitatamkwa dirishani, Mkristo anayeinua mkono wake anafahamu ni mbele ya nani anauinua. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2476, hukiweka kiapo cha uongo pamoja na ushuhuda wa uongo, na huvitaja kuwa na uzito wa pekee kwa sababu husemwa hadharani. Sheria ya Marekani nayo haina mzaha. Anayeonekana kudanganya kwa makusudi katika jambo la msingi ili apate viza huzuiwa daima kuingia nchini humo, isipokuwa apate msamaha maalumu ambao hutolewa kwa masharti magumu. Aliyefunga ndoa ya hila kwa ajili ya uhamiaji, ombi lolote litakaloletwa baadaye kwa ajili yake halitakubaliwa, hata akija kufunga ndoa ya kweli na mtu mwingine.

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita alifika mama mmoja kijana, mwenye mume huko ng'ambo, akaomba barua ya kuthibitisha ndoa yao. Ndoa ilifungwa kanisani mwaka 2019, na daftari letu lilionyesha hivyo. Lakini kabla ya hapo walikuwa wameishi kinyumba miaka mitatu, wakapata mtoto, na jambo hilo lilimwaibisha. Akaomba tuandike kwamba tunawafahamu kama mume na mke tangu mwaka 2016, ili mtoto asionekane kuzaliwa nje ya ndoa. Tuliona ni jambo dogo la huruma. Tukaandika, tukapiga muhuri.

Dirishani, afisa aliishika barua ile mkono mmoja na fomu mkono wa pili. Fomu ilisema ndoa ni ya mwaka 2019. Padre alisema wao ni mume na mke tangu 2016. Je, palikuwa na ndoa nyingine kabla? Ilivunjwa na nani? Mume alipojaza fomu zake mwaka 2018 aliandika kwamba hajaoa, alidanganya? Mama yule, aliyekwenda na ukweli wote uliohitajika, alitoka bila viza na karatasi ya kudai ushahidi zaidi. Ilichukua miezi minane, barua ya pili ya kusahihisha ile ya kwanza, na hati za viapo za wazee wa pande zote mbili. Katika miezi hiyo mtoto alianza shule bila baba yake kuwapo. Mama mwenyewe hakutulaumu hata siku moja, na hilo lilituuma zaidi.

Tulijifunza kwamba, kwa kadiri tulivyoyaona, uongo mwingi wa mahojiano hauzaliwi na ujanja. Huzaliwa na aibu. Mtu anaficha miaka ya kuishi kinyumba, anamficha mtoto wa ujanani, anaficha ndoa ya kwanza iliyoshindikana, si kwa sababu sheria ya viza inamtaka awe mtakatifu, bali kwa sababu yeye mwenyewe hajapatana na historia yake. Afisa wa viza haulizi kama uliishi kwa utakatifu. Anauliza kama unayoyasema ndiyo yaliyotokea. Mambo ya dhambi yana mahali pake, nayo ni kitubio, ambako siri hulindwa kabisa; wala hakuna afisa awezaye kutudai tueleze tuliyoyasikia humo.

Baba yetu Abrahamu aliwahi kuanguka katika jambo hilihili. Njaa ilipomfukuza akaelekea Misri, aliogopa kuuawa kwa ajili ya mke wake, akamtaka aseme kuwa ni dada yake. Habari hiyo imo katika Mwanzo, sura ya 12. Katika sura ya 20, aliporudia hila ileile kwa Abimeleki, alijitetea kwamba Sara alikuwa kweli binti wa baba yake. Kila neno lilikuwa na chembe ya ukweli, lakini aliyesikia alidanganyika, na mapigo yakaziangukia nyumba za watu wasio na hatia. Wahamiaji wa leo hujitetea kwa namna hiyohiyo: "Lakini kwetu huyu ni ndugu."

Na kweli, kwetu ni ndugu. Kiswahili ni tajiri katika kuunganisha ukoo, lakini hakina haraka ya kuutenganisha. Dada ya mama ni mama mdogo, kaka ya baba ni baba mkubwa, watoto wao ni ndugu zetu, na mtoto wa marehemu dada aliyelelewa nyumbani ni mwanangu, bila maelezo zaidi. Fomu haiyajui hayo. Inamjua mtoto wa kuzaliwa, mtoto wa kambo, na mtoto wa kuasiliwa kwa amri ya mahakama, na huyo wa mwisho kwa kawaida awe aliasiliwa kabla ya kutimiza miaka 16, akiwa ameishi chini ya uangalizi wa mzazi huyo kwa miaka miwili. Basi mama aliyeandika watoto wanne kwenye fomu, akiulizwa dirishani ana watoto wangapi, hujibu kwa moyo mweupe, "Sita." Hajadanganya kwa lugha ya nyumbani kwake, ila ameonekana mwongo. Tunashauri familia ikae jioni moja na kuandika ukoo wote kwa maneno marefu: huyu nilimzaa mimi, huyu ni wa marehemu dada yangu, ninamlea, yule ni binti wa baba yangu mkubwa. Anayejieleza vyema zaidi kwa Kiswahili kuliko Kiingereza aseme hivyo mapema, badala ya kuitikia "yes" kwa swali asilolielewa.

Watoto wote wa kuzaa waandikwe kwenye fomu, hata wasiosafiri, hata waliozaliwa nje ya ndoa, hata wale ambao mwenzi hajawahi kuelezwa habari zao. Hapa tunasema kwa uzito wa kichungaji. Tumekutana na baba aliyemwacha mtoto nje ya fomu kwa kuogopa mke wake, kisha miaka michache baadaye akataka kumwita. Aliulizwa swali moja tu: mtoto huyu alikuwa wapi ulipoapa? Anayehitaji kumwambia mwenzi wake habari ya namna hiyo amwambie nyumbani, akitaka na mbele ya paroko wake, kabla ya kufika dirishani.

Upande wa majina na tarehe, mengi ni ya kurekebishika yakishughulikiwa mapema. Cheti cha kuzaliwa kina majina mawili ya ukoo, kitambulisho kimeongeza jina la ubatizo, pasi imegeuza mpangilio. Herufi moja imepotea mahali fulani. Njia ya halali ipo, nayo ni kusahihisha cheti kwa msajili, au kuandikisha hati rasmi ya jina kwa msaada wa wakili. Njia isiyo halali ni kumwomba katibu wa parokia "alinganishe" daftari na kitambulisho. Daftari la ubatizo, ambalo kanuni ya 535 huitaka kila parokia ilitunze kwa uangalifu, ni kumbukumbu ya siku ile ya ubatizo, si ya mahitaji ya leo. Kosa la kuandika huweza kusahihishwa pembeni kwa idhini ya ofisi ya askofu, na maandishi ya awali hubaki yakisomeka. Mwaka wa kuzaliwa hatuubadilishi kwa sababu umri umekuwa kizuizi. Kwa wazee waliozaliwa kabla ya uandikishaji wa vizazi kuenea vijijini, daftari letu huenda likawa karatasi kongwe kuliko zote walizonazo, na thamani yake yote iko katika kutoguswa. Jambo dogo lakini lenye usumbufu: Wamarekani hutanguliza mwezi. 04/09 kwao ni tarehe 9 Aprili. Tumeona siku ya arusi ikihama miezi mitano kwa sababu hiyo tu.

Ndoa inahitaji maelezo zaidi. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inatambua ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, na zote zinapaswa kuandikishwa. Waliotoa mahari mbele ya wazee na hawakuandikisha popote wana ndoa machoni pa ukoo, lakini hawana cheti cha kuweka mezani. Waende kwa msajili, na kama wote wawili ni Wakatoliki, waje pia kwa paroko, kwa sababu mbele ya Kanisa bado hawajafunga ndoa ya sakramenti.

Lipo pia kosa ambalo hata watu waliosoma hulifanya. Mtu aliyepata tamko la ubatilifu wa ndoa kutoka Mahakama ya Kanisa hudhani kwamba yuko huru kila mahali, akafika ubalozini na hati yenye muhuri wa jimbo. Hati hiyo inasema kwamba mbele ya Kanisa ndoa ya kwanza haikuwa halali tangu mwanzo. Haivunji ndoa iliyoandikishwa serikalini. Ubalozi utataka amri ya mahakama ya serikali. Kinyume chake ni kweli vilevile: mwenye talaka ya serikali na viza mfukoni hajawa huru kuoa kanisani. Mambo haya mawili yaende pamoja, na yaanze mapema, kwa maana Mahakama ya Kanisa haiharakishwi na tarehe ya ndege.

Kuhusu ndoa za makaratasi tuseme waziwazi. Kila msimu wa bahati nasibu ya viza kuna kijana aliyebahatika ambaye hana nauli wala ada, na kuna mwenye fedha anayejitolea kulipa yote mradi aandikwe kama mwenzi. Wanakuja kwetu wakitaka arusi ndani ya wiki mbili, bila matangazo, bila mafundisho. Kanuni ya 1101 inafundisha kwamba anayetamka maneno ya ndoa huku kwa tendo la utashi wake anaikataa ndoa yenyewe, hafungi ndoa halali. Padre anayejua na bado akabariki anashiriki uongo juu ya altare. Jibu letu ni hapana, na tunaomba wazee wa jumuiya wasitutume wajumbe.

Tukirudi kwa wenye ndoa ya kweli, maandalizi yao ni rahisi kuliko wanavyohofu. Watu hulipa mawakala maelfu ya shilingi ili wafundishwe majibu: rangi ya pazia, upande wa kitanda. Majibu yaliyokaririwa hufanana mno, na mwenye uzoefu huyasikia. Badala yake, mume na mke wazisome fomu zao pamoja kwa simu, jioni moja bila haraka, tangu I-130 hadi DS-260, na wakikuta kosa walijulishe ubalozi kabla ya kiapo. Wasipokumbuka jambo, "sikumbuki" ni jibu halali. Wala si uongo kujibu lile tu lililoulizwa. Kuficha unachoulizwa ndio uongo. Wachukue ushahidi wa maisha: picha chache zenye ndugu wa pande zote, kijitabu cha Misa ya ndoa, tiketi za safari za kutembeleana, kumbukumbu za fedha zilizotumwa, mazungumzo ya miezi mbalimbali. Kila cheti kiwe halisi, pamoja na nakala yake.

Cheti cha maadili mema kutoka DCI huombwa kupitia eCitizen, na kinahitajika kwa kila aliyetimiza miaka 16. Waliofanya kazi Ghuba au nchi nyingine kwa mwaka mzima au zaidi watatakiwa kuleta na cha huko pale kinapopatikana, na hicho ndicho huchelewesha watu wengi. Kianze kutafutwa kabla ya kitu kingine chochote. Uchunguzi wa afya hufanywa na daktari aliyeidhinishwa na ubalozi peke yake. Usifanywe mapema mno, kwa kuwa muda wa viza hufungwa na muda wa uchunguzi huo, ambao kwa kawaida ni miezi sita.

Aliye Marekani naye asikae bure. Mashirika ya Katoliki yaliyomo katika mtandao wa CLINIC, ulioanzishwa na maaskofu wa huko mwaka 1988, hutoa ushauri wa kisheria wa uhamiaji kwa gharama nafuu. Amwulize paroko wake kabla ya kumwendea dalali.

Upande wetu, barua tunazoandika sasa ni fupi kuliko zamani. Tunataja tarehe ya ndoa na namba yake katika daftari, tangu lini sisi wenyewe tunawafahamu wahusika, na tulichokiona kwa macho yetu. Wapo wanaonung'unika kwamba ni kavu. Tunawaandikia hivyohivyo.

Afisa akikataa kutoa viza siku ile, asome mwombaji kifungu kilichoandikwa kwenye karatasi atakayopewa kabla ya kulia. Kifungu 221(g) mara nyingi maana yake ni kwamba kuna hati inayokosekana au uchunguzi haujakamilika, na mwenye kudaiwa hati ana mwaka mmoja wa kuileta. Akikubaliwa, na kama siku ya kuingia Marekani ndoa itakuwa haijatimiza miaka miwili, ukaazi atakaopewa ni wa masharti, wa miaka miwili. Wote wawili watapaswa kuomba masharti yaondolewe kwa fomu I-751, ndani ya siku 90 za mwisho kabla ya kadi kuisha muda. Tarehe hiyo iandikwe kwenye kalenda wiki ileile ya kufika.